Mwalimu Asiyeonyesha Uso



Mwaka 2004, katika jiji la New Orleans kusini mwa Marekani, alikuwako binti wa miaka 12 jina lake Nadia. Shuleni alikuwa akifanya vizuri na hakuna aliyekuwa na wasiwasi naye. Ikaja siku ya mtihani wa kuwagawa wanafunzi wa hisabati: wenye kasi kundi lao, wa taratibu kundi lao. Nadia akateleza kwenye kitu kimoja tu, kubadilisha vipimo. Yaani hesabu zile za kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine, kama kilomita kuwa mita. Akawekwa kundi la taratibu.

Mtauliza, si kundi tu, lina nini? Lina mengi. Anayeanza aljebra mwaka mmoja nyuma ya wenzake huenda akamaliza sekondari kabla hajafika kwenye hesabu wanazodaiwa watu wanaotaka kuwa wahandisi. Na kulikuwa na baya zaidi ya hilo: Nadia mwenyewe alikuwa ameanza kuamini kwamba hana kichwa cha hesabu. Mtoto akishajiwekea neno hilo moyoni, hata swali analoliweza humponyoka.

Sasa, Nadia alikuwa na binamu yake aitwaye Salman Khan. Msicheke, si yule mwigizaji wa filamu za Kihindi. Huyu alizaliwa mwaka 1976 huko huko pembeni mwa New Orleans, baba yake akiwa na asili ya Bangladesh na mama yake India. Alisoma chuo cha MIT akatoka na shahada za hisabati na za kompyuta, akaenda Harvard kusomea biashara, na wakati huo alikuwa Boston akifanya kazi katika kampuni ya uwekezaji. Kazi yake ilikuwa kuchambua hesabu za makampuni ya watu. Ualimu hakuusomea hata siku moja.

Khan alikuwa ametoka kuoa, na ndugu wa New Orleans wakaja Boston kumtembelea. Katika mazungumzo ya kifamilia akasikia habari za Nadia. Akasema: nitamfundisha mimi, kila siku baada ya kazi, ilimradi na yeye akubali kuketi. Nadia akakubali.

Tatizo likawa umbali. Kutoka Boston hadi New Orleans ni zaidi ya kilomita 2,000. Ukitaka kwa mita, zidisha kwa 1,000: zaidi ya mita 2,000,000. Ndiyo hesabu ile ile iliyomshinda Nadia.

Khan akaanza na alichokuwa nacho. Cha kwanza kilikuwa simu. Cha pili kilikuwa programu ya Yahoo iliyoitwa Doodle, ambayo kwayo watu wawili walioko mbali waliweza kuchora juu ya ukurasa mmoja wa kompyuta, huyu akichora na yule akiona. Sauti ikapita kwenye simu, namba zikapita kwenye ukurasa.

Siku za mwanzo mambo hayakwenda. Khan akiuliza, upande wa pili kimya. Akisubiri, linakuja jibu la kubahatisha, tena kwa sauti ya chini. Khan akatambua kwamba Nadia anaogopa kukosea kuliko anavyoogopa kutoelewa. Akaweka sheria mpya. Kubahatisha ni marufuku. Yanaruhusiwa mambo mawili tu: ama ujibu kwa uhakika, hata kama ni kwa kupiga kelele, ama useme wazi kwamba hujaelewa na unataka kurudiwa. Basi pale binti akafunguka. Hesabu za vipimo zikamwingia, akarudia mtihani, akafaulu vizuri na kuhamishwa kundi.

Ishikeni hiyo ruhusa ya pili, ya kusema hujaelewa na kurudiwa. Ndiyo kiini cha hadithi hii yote.

Habari njema haikai ndani ya nyumba moja. Kaka zake Nadia, Arman na Ali, wakataka na wao kufundishwa. Kisha wakaja watoto wa shangazi, wa wajomba, na wa marafiki wa familia. Khan akahamia California, na kufikia mwaka 2006 alikuwa na wanafunzi wapatao kumi na kitu walio mbalimbali. Huyu ana mpira jioni, yule ana mtihani kesho, mwingine amelala. Somo alilomfundisha mmoja jana anarudia kwa mwingine leo, neno kwa neno. Sauti ikaanza kumkauka.

Rafiki yake mmoja akamshauri: kwa nini usiyarekodi hayo masomo, ukayaweka YouTube, kila mtoto akatazama kwa wakati wake? Khan akaona ni mzaha. YouTube ilikuwa haijafikisha hata miaka miwili tangu ianzishwe, na machoni pake ilikuwa mahali pa kutazamia paka wanaopiga kinanda. Hisabati itafuata nini huko? Lakini alipokwenda kulala aliendelea kulifikiria, na mwezi Novemba 2006 akafungua akaunti.

Hapa ndipo majaribio ya vifaa yalipoanza, nami nataka mtazame meza yake kwa karibu.

Kamera haikuwepo. Palikuwa na kompyuta ya kawaida, maikrofoni, na kibao kidogo cha plastiki kinachounganishwa na kompyuta, ambacho ukiandika juu yake kwa kalamu yake maalumu maandishi yanatokea kwenye skrini. Kibao hicho kiligharimu kama dola 80. Kulikuwa na programu ya kuchorea, na nyingine ya kurekodi kila kinachotokea kwenye skrini pamoja na sauti. Studio nayo ilikuwa chumba kidogo cha kuhifadhia nguo nyumbani kwake.

Mtu akitazama video zake haoni uso wa Khan. Anaona ukurasa mweusi, na juu yake namba zinaandikwa kwa mkono, manjano, kijani, waridi, huku sauti ikieleza. Alifanya hivyo kwa makusudi. Macho ya binadamu hukimbilia uso; ukiweka uso na namba kwenye kioo kimoja, mtazamaji ataangalia nyusi na midomo, na namba zitapita. Khan alitaka mtoto ahisi kama wamekaa bega kwa bega mezani, wote wawili wanaangalia karatasi moja.

Somo la namna hiyo lingekuwaje? Tuchukue swali la Nadia. Sauti inasema: tunataka kujua kilomita 3.5 ni mita ngapi. Kwenye weusi inaandikwa 3.5 kwa manjano, na neno kilomita kwa kijani. Sauti inauliza: mita ni ndogo au ni kubwa kuliko kilomita? Ni ndogo. Basi zitahitajika nyingi zaidi, na jibu lazima liwe kubwa kuliko 3.5. Hapo mtoto aliyekuwa akitaka kugawanya kwa 1,000 anajistukia mwenyewe kabla hajaambiwa. Kisha mstari wa pili unakuja polepole: 3.5 mara 1,000, sawa na mita 3,500. Kalamu inasimama. Asiyeona kilichotokea anabonyeza, anarudi nyuma sekunde 20, anaangalia tena.

Ukurasa mweusi una faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Video si kitu kimoja kinachotembea. Ni picha nyingi zilizosimama, kiasi cha 24 hadi 30 kwa sekunde moja, zinazopita upesi hadi jicho linadanganyika. Kompyuta ingehifadhi kila picha nzima nzima, faili lingekuwa kubwa mno. Kwa hiyo inahifadhi picha moja kamili, kisha inahifadhi mabadiliko tu: hapa pameongezeka mstari, pale pametokea namba. Mtu anayeongea mbele ya kamera hubadilika kila nukta, kope, nywele, kivuli. Ukurasa mweusi haubadiliki, isipokuwa pale kalamu inapopita. Ndiyo maana somo la ubao hula bando kidogo kuliko somo la uso.

Na sauti je? Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni ina utando mwembamba unaotikisika pamoja na hewa hiyo na kuugeuza mtikisiko kuwa umeme. Kompyuta nayo inaupima umeme huo mara nyingi sana. Kwa kiwango cha santuri za CD, mara 44,100 kila sekunde. Dakika moja ya sauti iliyohifadhiwa hivyo bila kubanwa, kwa spika mbili, hufika takriban megabaiti 10. Ikibanwa kwa mtindo wa MP3 wa kawaida inashuka hadi kama megabaiti moja, na sikio la mtu anayesikiliza somo halitalalamika. Watu huvumilia picha yenye ukungu. Sauti yenye kelele wanaikimbia. Mwalimu mwenye fedha kidogo anunue kwanza maikrofoni.

YouTube ya wakati ule ilimwekea Khan mpaka: video isizidi dakika 10. Akalazimika kukata masomo vipande vipande, kila kipande kikibeba wazo moja. Ikatokea kwamba kizuizi hicho ndicho kilichowafaa wanafunzi, kwa kuwa akili iliyochoka haichukui kitu kipya hata mwalimu awe hodari kiasi gani.

Baada ya muda akawauliza binamu zake wanaonaje. Jibu lao Khan amelisimulia mara nyingi hadharani: walimpenda zaidi akiwa YouTube kuliko akiwa mwenyewe.

Lingemuuma mtu mwingine. Lakini fikirini kwa nini walisema hivyo. Mwalimu akiwa mbele yako, ukimwomba arudie mara ya kwanza atarudia kwa furaha. Mara ya pili atarudia. Mara ya tatu wewe mwenyewe utaona haya, utatikisa kichwa kana kwamba umeelewa, na giza utaondoka nalo. Video haichoki, haikunji uso, wala haiwaambii wenzako umerudia mara ngapi. Na kama umesahau jambo la darasa la nne ilhali uko la saba, unaweza kurudi kulisoma na hakuna atakayejua. Ile ruhusa aliyompa Nadia kwenye simu, ya kusema sijaelewa nirudie, sasa kila mtoto aliishika mkononi mwake.

Wageni nao wakaanza kutazama, kwa sababu video zilikuwa wazi kwa kila mtu. Khan alikuwa anafundisha ndugu zake, akajikuta anapokea barua za watu asiowajua. Mwaka 2008 akaanzisha asasi isiyo ya faida, Khan Academy. Mwaka 2009 akaacha kazi ya mshahara mnono, akawa anaishi na familia yake kwa akiba iliyokuwa ikipungua kila mwezi. Mwaka 2010 mama mmoja mfadhili, Ann Doerr, alimtumia dola 10,000. Walipokutana na kusikia kwamba hana chanzo kingine cha kuishi, akaongeza 100,000. Mwaka huo huo Bill Gates alisema mbele ya watu kwamba anazitumia video hizo na watoto wake, na kampuni ya Google ikatoa dola milioni mbili. Kufikia mwanzoni mwa 2011 masomo yalikuwa yamezidi 2,000.

Hadithi ingeishia hapa ningekuwa nimewapa nusu, kwa sababu video ina hatari yake. Mwalimu darasani akikosea, mwanafunzi wa nyuma ananyoosha mkono, kosa linasahihishwa papo hapo. Kwenye video hakuna wa kunyoosha mkono. Kosa linasafiri pamoja na somo. Mwaka 2012 wahadhiri wawili wa hisabati wa jimbo la Michigan, John Golden na David Coffey, waliichukua video moja ya Khan kuhusu kuzidisha na kugawanya namba hasi, wakajirekodi wakiitazama na kuikosoa kwa utani, wakionyesha kila mahali maelezo yalipopinda. Rekodi yao nayo wakaiweka YouTube. Haukupita muda mrefu Khan akaiondoa ile ya zamani na kurekodi upya. Hivyo ndivyo watu wa elimu wanavyopaswa kugombana: chombo kile kile kilichotoa kosa kikatumika kulionyesha, na mwenye kosa akalirekebisha.

Kuna pia waliojiuliza swali tofauti: mwalimu akishajirekodi, yeye mwenyewe afanye nini? Mwaka 2007, katika mji wa milimani wa Woodland Park, jimbo la Colorado, walimu wawili wa kemia, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walichoka kuwafundisha upya wanafunzi wanaokosa vipindi kwa ajili ya safari za michezo. Wakarekodi masomo yao. Wakaja kugundua kwamba hata waliokuwa darasani wanayatazama. Basi wakageuza utaratibu: maelezo yatazamwe nyumbani, na mazoezi yafanywe darasani. Walikuwa wameona kwamba mwanafunzi hamhitaji sana mwalimu anapoandika notisi. Anamhitaji pale anapokwama kwenye swali la tatu na hajui aanzie wapi. Kwa hiyo anayewaambia kwamba video zitawafuta walimu hajawasikiliza walimu waliozitumia kwanza.

Huku kwetu Afrika Mashariki kufundisha kwa sauti kulianza kabla ya intaneti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilijaribu mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio kwa madarasa ya chini ya msingi. Mtangazaji alikuwa anauliza swali, kisha ananyamaza kidogo ili darasa lote lijibu kwa sauti, halafu anaendelea. Kimya hicho kilikuwa kimepangwa kwenye mswada kama maneno yenyewe. Kasoro yake ni kwamba urefu wake uliamuliwa studioni. Mtoto mzito wa kujibu alipitwa. Na mwaka 2013 vijana jijini Dar es Salaam wakaanzisha shirika la Ubongo, ambalo katuni zake za hisabati na sayansi kwa Kiswahili, Ubongo Kids, zilianza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka uliofuata. Wao walichagua televisheni na redio kwa sababu ndivyo vyombo vilivyokuwa tayari sebuleni kwa watu wengi. Mwalimu hupeleka somo mahali mwanafunzi alipo.

Sasa ni zamu yenu. Simu moja nyumbani ina maikrofoni, kamera na programu ya kurekodi. Khan alianza bila kamera. Ombeni ruhusa kwa mzazi au mlezi kwanza, na msitaje kwenye rekodi majina yenu kamili, shule wala mtaa. Kisha fanyeni hivi.

Chagueni jambo moja dogo mnalolijua hasa: kutafuta kigawe kidogo cha shirika, ngeli ya neno moja, namna mbegu ya haragwe inavyoota. Andikeni kwenye karatasi hatua zake, zisizidi tano. Ingieni chumba chenye nguo nyingi, mapazia au godoro, kwa sababu vitambaa humeza mwangwi; chumba kitupu chenye kuta za saruji kitafanya sauti isikike kama ya mtu aliye kisimani. Wekeni simu umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni, ili pumzi isipige maikrofoni. Zimeni feni. Kama mnarekodi picha, elekezeni kamera kwenye karatasi na mkono unaoandika, na mwanga utoke upande wa pili wa mkono unaoandikia, kivuli kisifunike maandishi. Semeni kama mnavyomsimulia mdogo wenu, si kama mnasoma risala mbele ya mgeni rasmi. Dakika tatu zinatosha.

Mkimaliza, msikimbilie kuituma kwenye kila kundi la WhatsApp. Mpeni mtoto mmoja mdogo kuliko ninyi, kaeni kando yake, nyamazeni. Mtazame anaporudisha nyuma. Akirudi mara mbili mahali pamoja, kasoro ni ya maelezo yenu, wala msimwambie ni mzito. Andikeni mahali hapo, mfute, mrekodi tena. Akishaweza kuwaeleza ninyi lile jambo kwa maneno yake mwenyewe bila kuangalia simu, hapo rekodi yenu imekuwa somo.

Na mkiwa upande wa pili, mnaposikiliza somo la mtu, simamisheni, rudisheni nyuma, rudieni hata mara kumi. Mkiwa darasani na kitufe cha kurudisha hakuna, nyoosheni mkono mseme: mwalimu, hapo sijaelewa, naomba urudie.